Asilimia 84 ya nini?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia neno, ila habari yenu kwamba ugonjwa wa kutoona mbali ni urithi kwa asilimia 84, na kwamba wazazi wasijisumbue, imenifika kooni.

Utafiti wa London mlioutoa asilimia hiyo, uliochapishwa mwaka 2001, ulipima jozi 506 za mapacha, wote wanawake, wenye umri wa miaka 49 hadi 79. Pacha wa yai moja wana jeni zile zile. Wa mayai mawili hulingana nusu kwa wastani. Kadiri macho ya wale wa kwanza yanavyokaribiana kuliko ya hawa wa pili, ndivyo urithi unavyohesabiwa kuwa mkubwa. Kwa hiyo asilimia ile inaeleza tofauti baina ya watu wa kundi lile, katika maisha yao ya Uingereza, wala haigawi jicho la mtoto mmoja mafungu, hili la babu na hili la vitabu.

Matokeo ya uandishi wenu niliyaona dukani kwa muuza miwani. Nilimpelekea watoto wangu pacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike. Alimpima Kulwa, akaandika namba, kisha akamwandikia Doto namba zile zile bila hata kumkalisha kwenye kiti, akinieleza kwa upole wa kitaalamu kwamba magazeti yamethibitisha kuwa mapacha wana macho mamoja. Mvulana na msichana, Mhariri! Doto akavaa miwani hiyo, akaumwa kichwa kila jioni, mpaka alipopimwa kwingine ikaonekana kwamba anaona mbali vizuri kabisa na hahitaji miwani yoyote.

Na huko kuambiwa tusijisumbue kumewafaa sana walimu wa tuisheni, waliokwisha kumeza vipindi vya michezo. Mjini Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu asilimia 30.4 yao walikuwa wameanza kutoona mbali, dhidi ya 39.5 ya wenzao wasioongezewa. Wetu hapa Tanga wanatoka darasani jua limeshazama.

Napendekeza kila mwandishi anayeleta asilimia ya urithi aulizwe mbele ya chumba kizima cha habari: asilimia ya nini? Akibabaika, nafasi yake ijazwe ratiba ya mechi za Coastal Union.

Wako,
Mzazi wa mapacha,
Chumbageni, Tanga