Tuandike Mzee kazaliwa wapi?

Ndugu yangu Yusuf,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, hofu ni juu yenu na hiyo baridi. Najua miezi mitano sijakuandikia. Radhi nitakuomba siku nyingine, leo mchapaji kanikaba, anataka karatasi Jumatano.

Ni kile kijitabu cha Yasini cha hitima ya Mzee, baba yako. Mpwa wako kaandika juu kabisa: “Alizaliwa Gujarat, India.” Nikafuta. Akarudisha. Nikafuta tena, na sasa hanisalimii, na Bi Zuhura keshapelekewa habari kuwa nimeanza ukaidi wa uzee.

Lakini Yusuf, Mzee alipakiwa kwenye jahazi la kotia pale Mandvi, bandari ya kwao Kachi, mwaka 1938, mtoto wa miaka 7. Jimbo la Gujarat limeundwa tarehe 1 Mei 1960. Mtu atazaliwaje kwenye jimbo alilolizidi umri kwa miaka 29? Alipozaliwa yeye, Kachi ilikuwa na mtawala wake, Maharao, na sarafu yake, kori. Baada ya uhuru wa India ikatawaliwa kutoka Delhi, mwaka 1956 ikatiwa ndani ya jimbo la Bombay, kisha ndiyo ikaja hiyo Gujarat. Leo kwenye makaratasi ni wilaya tu, ijapokuwa kwa eneo hakuna wilaya kubwa kuishinda India nzima. Na wewe unakumbuka: akiitwa Mhindi hunyamaza, akiitwa Mgujarati, balaa. “Mimi Mkachi!” Hata lugha yao iko karibu na Kisindhi kuliko Kigujarati.

Haya, tuseme mpwa kakubali. Tunaliandikaje? Sanduku la bibi yako lina “CUTCH MANDVI”, mtindo wa Waingereza. Pasi ya Mzee ina “Kutch”. Serikali ya huko siku hizi inaandika “Kachchh”, maana kwa herufi za Kigujarati ile sauti ya ch imerudufiwa. Mchapaji akiiona hiyo atadhani mashine imekwama. Ulimi wangu mimi unatosheka na Kachi.

Shemeji naye kajitia. Anasema maana yake kobe, kwa kuwa kwa Kihindi kobe ni kachhua, na nchi yenyewe kwenye ramani ina umbo la gamba lake. Kisha akadai hata kachumbari imetoka huko. Nikamwambia ale kimya.

Maalim kanipa maana nyingine, na hiyo imenikaa: kwa Kisanskriti kaccha ni ukingo wa maji, nchi ya majimaji. Si ndivyo alivyokuwa akihadithia Mzee? Kusini ghuba, magharibi bahari, na kaskazini lile jangwa la chumvi, Rann, ambalo masika yao yakinyesha hugeuka maji matupu. Alikuwa akisema kwao ni kisiwa kila mwaka, kisha kinaghairi. Nilikuwa nikidhani ni chuku zake. Kumbe jina lenyewe…

Ndiyo maana “Gujarat” inaniuma. Si kosa la tarehe tu.

Sasa wewe ndiye mwana, neno lako litakata. Tuandike Kachi au Kutch? Mandvi tuitaje, au kwao hasa kulikuwa kijijini? Hiyo pasi iko kwako au kwa dada yako? Na tetemeko la Januari 2001, alipokesha kwenye simu akiitafuta Bhuj, mji wa huko Kachi, alikuwa akimtafuta nani? Sikuwahi kumuuliza. Mama yako hakukwambia?

Nijibu kabla ya Jumatano, hata neno moja.

Wako,
Hamadi

Karatasi nimeilalia chini ya godoro. Mpwa asijue.