Turudi kwenye mazungumzo ya nusu maili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie msitu wa Mlima Kilimanjaro, na hasa ule ukanda mwembamba ambao sisi wa Kibosho, Machame na Marangu tumezoea kuuita nusu maili. Nimeamua kuandika kwa sababu kila panapotokea moto mlimani, kama ule wa Oktoba 2020, tunasoma mengi kuhusu theluji na watalii, na machache mno kuhusu watu ambao uzio wao wa mimea ya masale ndio unaopakana na mti wa kwanza wa msitu.

Ukanda huo ulitengwa mwaka 1941, enzi za Waingereza, ukiwa na upana wa takriban mita 800 kwenye miteremko ya kusini, ili wenyeji wapate kuni, mbao na majani ya mifugo pasipo kuugusa msitu wenyewe. Sitaki kuipamba historia. Baada ya uhuru usimamizi ulihamishwa baina ya serikali kuu na serikali za mitaa, na kila ulipohama, msumeno ulifanya kazi. Uchunguzi wa kutoka angani uliofanywa mwaka 2001 ulikuta zaidi ya mikulo 2,000, miti ambayo mafundi seremala huiita kamfa, ikiwa imekatwa karibuni katika msitu wa mlima huu. Hata hivyo, mkulo hauangushwi na bibi mwenye ngata kichwani. Unataka chenso (msumeno wa injini), vijana wa kubeba mbao usiku, na gari linalosubiri barabarani likiwa limezima taa. Msitu ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, bibi na mwenye chenso walifungiwa mlango mmoja, ingawa makosa yao hayakuwahi kufanana.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa akipanda nusu maili Jumanne na Jumamosi pamoja na wenzake wanne au watano. Walichukua matawi makavu tu, kwa kuwa kuni mbichi ni nzito na zina moshi, na kwa kuwa aliyeonekana na tawi bichi alisemwa mpaka sokoni. Njiani waliona kila kitu: kisiki kipya, njia ya mbao iliyoburuzwa, moshi wa tanuri la mkaa bondeni. Habari hizo zilimfikia mwenyekiti kabla makande hayajaiva. Leo mwanamke anayekwenda kuokota kuni huko huenda kwa kunyatia, na akikiona kisiki kipya hawezi kumwambia mtu, maana swali la kwanza atakaloulizwa ni yeye alikuwa akifanya nini mle. Nakiri kwamba askari wa hifadhi wana kazi ngumu na wengi wao wanaifanya kwa uaminifu, lakini idadi yao haiwezi kulingana na macho ya wanawake wa vijiji vyote vinavyouzunguka mlima.

Lawama nyingine ni zetu wenyewe. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa msitu wa aina yake, kwa maana juu palikuwa na mringaringa, chini yake migomba, na chini ya migomba kahawa. Vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vimebaki viwanja, bei ya kahawa imewakatisha watu tamaa, na mti mkubwa umegeuka kuwa akiba ya benki. Mimi pia niliuza mringaringa miwili ili nilipe ada ya mwanangu. Fundi alimaliza kazi asubuhi moja. Msimu uliofuata, kahawa iliyokuwa kivulini ilikauka majani kuanzia nchani, na sehemu ile mpaka leo ni ya mahindi, tena mahindi yasiyo na afya.

Nilipotaka kupanda upya, nilikwenda kwenye kitalu fulani wakati wa mvua za masika nikaomba miche ya mringaringa na msesewe, ule ambao gome lake huchemshwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Niliambiwa haipo, nikapewa mikaratusi kumi ya bure. Kihamba changu kina mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, unaopita katikati, na kila mzee wa hapa anajua kwamba mkaratusi ukipandwa kando ya maji huyanywa. Niliipokea kwa adabu, nikampa jirani mwenye shamba la mawe huko chini.

Hoja yangu, Mhariri, si kwamba milango ya hifadhi ifunguliwe ovyo. Maji ya mifongo yetu, ya mpunga wa Mabogini na ya miwa ya Arusha Chini yanatoka katika msitu huo, na katika moja ya mabonde yake umesimama mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko wote uliowahi kupimwa Afrika. Ninachosema ni kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa vijiji kusimamia misitu kwa ubia na serikali, na utaratibu huo unatumika kwingine nchini, ilhali ukanda uliotengwa mahususi kwa ajili ya majirani sasa uko chini ya sheria ya hifadhi isiyowatambua kama wabia. Serikali imekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi naunga mkono, mtungi wa gesi ninao jikoni. Lakini maharage makavu na sufuria ya mbege bado vinapikwa kwenye mafiga, na vitaendelea hivyo kwa miaka kadhaa.

Ningependa wahusika wa hifadhi, wakala wa misitu na halmashauri zetu waje kwenye mikutano ya vijiji, si na vipeperushi, bali na ramani ya nusu maili, watuambie ni sehemu zipi zinaweza kupandwa miti ya kuni, nani ataipanda, siku zipi matawi makavu yataruhusiwa, na mwanamke aliyeona kisiki kipya amwambie nani bila kuogopa. Wakija na miche, naomba safari hii mringaringa iwemo.

Mkulima na mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi