Mama, usimfelishe huyo dogo kwa wastani wake

Mwanangu mpenzi,

Marahaba mama, sisi huku Durham hatujambo, mama yako ana mafua tu na anauliza kama unakula. Ripoti zako za kuskauti wachezaji wa besiboli nimezisoma zote, unaandika vizuri sana, hongera, ila hiyo ya shortstop (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa Jamhuri ya Dominika hapana, hapo lazima tubishane.

Umempa 30 kwenye kupiga, katika ile skeli ya 20 mpaka 80, kisa wastani wake ni 0.218, yaani hit (mpigo wa kumfikisha besi) kama 22 kwa kila mara 100, basi? Huyo ana miaka 18 na yuko Single-A tayari, ya chini kati ya ngazi nne za kupandia ligi kuu, MLB, na wenzie wengi wametoka chuo wana 21, 22, mijitu ina ndevu zake. Kwetu ukikuta libaba la miaka 25 linatamba kwenye mashindano ya under-20 si unasema hicho kijeba? Na huko ni hivyo hivyo, mtu wa miaka 24 akipiga 0.310 Single-A usianze kupiga vigelegele, jiulize kwanza mpaka leo bado anafanya nini hapo. Kwa huyo dogo anza na vitu viwili: katika kila mara 100 anazosimama kupiga anatolewa kwa straiki tatu (kuukosa mpira au kuuacha mzuri upite) mara ngapi, na anapewa besi ya bure (mrushaji akikosea kulenga mara nne) mara ngapi. Wastani wa wiki chache ni bahati nyingi humo ndani, leo kaupiga kombora limeenda moja kwa moja kwenye glavu ya mtu, autu, kesho kaugusa tu umedondoka katikati ya watu watatu, tayari yuko besi. Straiki na besi za bure zinatulia mapema, hazikupi uongo mwingi.

Halafu hiyo skeli ya 20 mpaka 80 naona unaipa kama maksi za shule, mtu wa katikati wa ligi yako unamwekea 50. Siyo. 50 ni mchezaji wa kawaida wa MLB yenyewe, na hapo ulipo wengi hawatafika huko, maana klabu ziko 30 na kila moja ina timu nne chini yake, jumla 120, bado hujagusa zile za Florida na Arizona za watoto wanaoanza na ile ligi ya Dominika, wakati juu kikosi ni watu 26 tu. Ndo maana maskauti wanaandika namba mbili, ya leo na ya huko mbele. We umeandika moja. Leo ana 30, sawa sigombani, je akiwa na miaka 23?

Mchukue Michael Jordan, yule wa mpira wa kikapu, alipojaribu besiboli 1994 pale Birmingham, Double-A, ngazi mbili juu ya Single-A. Watu walimcheka, 0.202, straiki out 114, ila mtu hajashika fimbo tangu shule wamemtupa moja kwa moja Double-A na bado akapata besi za bure 51 na kuiba besi 30 kwa kukimbia, mimi naona macho yalikuwepo. Tatizo alikuwa na miaka 31. Faili linafungwa hapo hapo.

Na mbona hujaandika hata mstari mmoja wa jinsi anavyodaka? Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na klabu ya Pittsburgh 2008, fimbo yake huko chini haikuwahi kumtisha mtu, glavu ndo ilimbeba miaka yote hiyo mpaka tarehe 26 Aprili 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kucheza MLB, na mara ya kwanza tu kusimama akampiga mrushaji Jon Lester hit. Kwa shortstop glavu ni nusu ya ripoti bwana.

Mimi nikienda kuwaangalia Bulls, timu ya hapa Durham, nakaa nyuma ya home plate, pale anaposimama mpigaji, karibu na hao wazee wa rada za kupima kasi ya mpira, wao macho kwenye kasi, mimi naangalia mguu wa mbele wa mpigaji. Mpira wa kupinda ukija mguu unakimbia nje au unatulia? Akidanganyika raundi ya kwanza sina neno, nasubiri raundi ya tatu mrushaji amletee ule ule, kama safari hii kauacha upite au kaugusa ukatoka faulo, huyo anajifunza. Hiyo kwenye takwimu huioni, kaa uwanjani mechi tatu mfululizo ukiandika mguu tu.

Ah na wale wa Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya MLB, uliosema umepewa uwalinganishe, homurani (mipigo inayovuka uzio) za Albuquerque zipunguze kidogo, kule ni juu mita kama 1,600, hewa nyepesi mpira unapaa wenyewe.

La mwisho ni yule mrushaji wako wa kushoto. Kasi 60 nakubali. Ila kontroli, yaani kulenga, 45, wakati wewe mwenyewe umeandika katoa besi nne za bure ndani ya ining (zamu) mbili? Hiyo 45 umeitoa wapi? Nijibu kabla hujaituma kwa bosi wako.

Baba