YAH: SPRINGI ZILIZOKATWA KUUZWA KAMA SPRINGI FUPI

Meneja wa Gereji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulileta kwenu Toyota IST ishushwe sentimita 3. Risiti yenu inasema "springi fupi, seti 1". Zilizofungwa ni springi zilezile zilizokuja na gari: za nyuma zimekatwa kwa grenda, za mbele zimechomwa kwa gesi hadi zikabonyea. Hiyo siyo kazi tuliyolipia, na gari sasa ni hatari barabarani.

Nyuma ndiko kunakotutia hofu zaidi. Kwenye IST springi ya nyuma imekaa peke yake kati ya bodi na ekseli, shokapu iko kando yake. Kinachoishikilia ni uzito wa gari na ncha zake kukaa sawasawa kwenye vikalio, yaani sehemu za chuma zinazoipokea juu na chini. Tulipoinua gari kwa jeki, tukaweka stendi na kuacha magurudumu yaning'inie, springi ya kushoto ilizunguka kwa vidole viwili tu. Ncha iliyokatwa bado ina ule ubluu wa moto wa grenda, na imeanza kuchimba chuma cha kikalio kwa sababu raba yake haikurudishwa. Gari likirushwa na tuta, au gurudumu likitumbukia shimoni, springi hiyo inalegea kabisa na inaweza kurudi imekaa upande, au isirudi. Springi fupi ya kweli hubaki imebanwa hata shokapu ikinyooka hadi mwisho. Na pale ambapo urefu hautoshi, hufungwa pamoja na shokapu fupi.

Fundi wenu alituhakikishia kwamba ikikatwa "gari linatulia". Hesabu inamkataa. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa mmoja na nusu, ugumu wake unapanda kwa theluthi moja. Shokapu ya kiwandani haikutengenezwa kutuliza ugumu huo, na nafasi yake ya kushuka imepungua pia, hivyo kila tuta inagonga raba ya kugongea, ile inayozuia chuma kugonga chuma. Ndiyo maana gari linadunda.

Mbele, rangi imebabuka kwenye mizunguko miwili ya chini. Chuma cha springi hupewa uimara wake kiwandani kwa joto linalopimwa. Moto wa gesi huuondoa pale ulipogusa. Springi ya namna hiyo huendelea kukaa chini siku hadi siku, tena bila kulingana: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kushoto kumeshuka milimita 14 kuliko kulia. Shokapu ya kushoto inavuja mafuta kwenye sili. Tunaamini moto ulipigwa springi ikiwa bado imefungwa juu yake.

Boliti za amu za chini, mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele, nazo zilikazwa magurudumu yakiwa hewani, kwa hiyo bushi (raba za viungo vya amu hizo) zimesokoteka muda wote gari likiwa chini na zitapasuka mapema. Zilegezwe, gari likanyage ardhi, ndipo zikazwe. Alaimenti, yaani mlingano wa magurudumu, haikuguswa, na tairi za mbele tayari zinalika upande wa ndani. Taa pia hazikurekebishwa zifuate urefu mpya wa gari.

Tunataka yafuatayo yafanyike ndani ya siku 14. Mfunge springi nne mpya zilizotengenezwa kwa IST, zenye kushusha kati ya milimita 30 na 35, pamoja na raba za vikalio na raba za kugongea. Shokapu za mbele zibadilishwe zote mbili, siyo ile inayovuja peke yake, na nati zake za juu ziwe mpya. Springi za mbele zibanwe kwa kifaa chake kabla nati ya juu haijafunguliwa. Fundi asithubutu kuifungua bila hivyo, itamjeruhi vibaya. Kisha usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote kuangalia kama tairi zinagusa fenda, alaimenti ipimwe na tupewe karatasi ya vipimo, na ipimwe tena baada ya kilomita 500 springi zikishakaa.

Kama hamna springi hizo, rudisheni fedha yote, pamoja na gharama ya kulirudisha gari katika urefu wake wa awali.

Hadi hapo gari halitaendeshwa. Mtume gari la kulivuta. Springi zilizokatwa tutabaki nazo sisi, zisije zikafungwa kwenye gari la mtu mwingine.

Wamiliki wa gari