Risala ya Wachezaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Kwa niaba ya wachezaji wa raga, hoki, mpira wa vikapu na riadha, tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Nakuru kwa mikono miwili. Furaha yetu imezidi kwa kuwa wewe ni daktari wa meno, na leo umewaacha wagonjwa wako ukaja kuketi nasi kwenye vumbi hili.

Risala za siku kama hii huanza na vikombe. Vyetu viko pale mezani, utaviona. Sisi tumewaomba walimu ruhusa tukueleze habari za jino moja.

Muhula uliopita tulikwenda upande wa Molo kucheza raga. Mapumziko yakikaribia, mwenzetu wa kidato cha pili alipigwa na bega usoni. Aliinuka mdomo umejaa damu. Jino lake la mbele, la juu, lilikuwa kwenye nyasi, zima, mzizi wake mrefu kuliko tulivyodhani mizizi ya meno huwa. Mmoja wetu aliliokota, akalisugua kwa jezi hadi likang'aa, akalifunga kwa karatasi ya shashi na kulitia mfukoni. Tukamaliza mechi. Tulipofika hospitalini jioni, daktari alilifungua, akalitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

Alitueleza kwamba kwenye mzizi kuna seli hai zinazolishikisha jino kwenye taya. Nyingine tulizikwangua kwa jezi, zilizosalia zikakaukia mfukoni. Tulipaswa kulishika upande wa kutafunia bila kugusa mzizi, kulisuuza kidogo tu, kulirudisha papo hapo kwenye pengo, mwenyewe akauma kitambaa safi, kisha tukimbie kwa daktari kabla saa moja haijaisha. Ikishindikana kulirudisha, litiwe kwenye maziwa. Maziwa, Mheshimiwa! Nasi tulikuwa Molo, kantini ya wenyeji iko hatua hamsini, na ng'ombe wanalisha nje ya ua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Siku hiyo pia ndipo tulipojifunza kwamba jino la utotoni halirudishwi, la ukubwani ndilo hurudishwa.

Mwenzetu yuko hapa na ametukubalia tuyasome haya. Bado anacheza. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Tangu hapo tumeanza kuyatazama mazoezi yetu kwa jicho jingine. Wakimbiaji wetu hupanda mlima kuelekea Menengai alfajiri wakihema kwa mdomo, na mate hukauka. Mate ndiyo yanayoosha asidi mdomoni na kuyarudishia meno madini yake. Wakishuka, koo limekauka, wengi walikuwa wakinunua soda au vile vinywaji vya kuongeza nguvu, wakinywa funda moja moja njia nzima. Vinywaji hivyo vina sukari na asidi, na asidi hulainisha gamba gumu la nje la jino. Aliye msafi zaidi akifika bwenini alipiga mswaki hapo hapo, kumbe analisugua gamba likiwa bado laini. Sasa tunabeba maji, tunasukutua, na mswaki tunausubirisha angalau nusu saa.

Kuna jambo ambalo ni la kwetu hasa. Wengi wetu tumekulia maji ya visima vya Bonde la Ufa, yenye madini ya floridi mengi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana meno yetu yana madoa ya kahawia. Tumesikia wenzetu wakisema, "Haya yangu yameshaharibika, nikinge nini?" Kauli hiyo inatuuma. Madoa hayo huingia jino likiwa bado linajiundia ndani ya taya, tungali watoto. Si uchafu wala si uvivu wa mswaki. Jino la kahawia hutafuna kama jingine, na likivunjika huuma kama jingine. Tunaomba, Mheshimiwa, ukisimama uwaambie hivyo wewe mwenyewe, maana watakusikia kuliko sisi.

Sasa maombi yetu. Tuna wachezaji 46 wa raga na hoki, na gamshildi, yaani kinga za meno zinazovaliwa mdomoni, tunazo tisa. Zamani tulikuwa tukiazimana, mmoja akitoka uwanjani anamtemea mwenzake mkononi. Tumeacha, kwa hiyo wengi huingia mdomo mtupu. Tunaomba zile zinazolainishwa kwa maji ya moto kisha mtu akaziuma zikachukua umbo la meno yake. Gamshildi hutawanya nguvu ya pigo na kukinga midomo isichanwe na meno. Tutaziosha kwa maji baridi na kuziweka kwenye vikopo vyenye matundu, mbali na jua.

Pili, tunaomba uje, au umtume mwenzako, mara moja kwa mwaka kutupima meno, na utufundishe sote kuliokoa jino lililong'oka, pamoja na dereva wa basi.

Nahodha wa raga atakukabidhi nakala ya risala hii na majina ya wachezaji 37 wasio na gamshildi. Sanduku letu la huduma ya kwanza liko pembeni mwa uwanja; tangu Molo, kila mechi tunatia ndani yake pakiti moja ya maziwa.

Ni sisi wachezaji wako.