Mpiga picha aitwe kabla ukuta haujapakwa rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wote wanaoandaa miradi ya sanaa katika mitaa ya Lubumbashi: vyama vya vijana, parokia, mashirika yanayotoa fedha, pamoja na viongozi wa komini (manispaa) wanaotia saini barua za ruhusa. Katika miradi hiyo kuna mtu mmoja anayekumbukwa mwishoni kabisa, rangi ikiwa imekwisha kukauka na fedha zimekwisha kutumika, naye ni mpiga picha.

Miaka mitatu iliyopita sisi wakazi wa mtaa mmoja wa Katuba tulichora ukuta wa shule wenye urefu wa zaidi ya mita 30. Kazi hiyo ilichukua wiki tano, na wiki ya kwanza haikuwa na rangi wala brashi. Kulikuwa na viti vya plastiki chini ya mwembe, na watu wakibishana ni kitu gani kinastahili kuwekwa ukutani. Vijana walikuwa wamechora behewa la madini likifanana na gari la kawaida. Mzee mmoja aliyefanya kazi kwa miaka mingi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hakukubali. Aliokota kipande cha makaa, akachuchumaa, akawachorea kwenye saruji jinsi behewa moja lilivyofungwa nyuma ya lingine. Mama anayeuza vitumbua kando ya lango ndiye aliyetuchagulia kijani. Alikwenda nyumbani, akarudi na jiwe la malakiti, madini ya shaba yenye rangi ya kijani, ambalo marehemu mume wake alilitoa mgodini, akasema kwamba kijani ni hiki, si kile cha kwenye kopo. Vijana walichanganya rangi mara nne, wakilinganisha na lile jiwe lililowekwa juu ya ndoo, mpaka mama akaridhika.

Hakuna hata picha moja ya mambo hayo. Shirika lililotusaidia lilikuwa limemkodi mpiga picha kwa siku moja tu, siku ya uzinduzi. Alifika karibu saa sita mchana, jua likiwa utosini, akapiga picha utepe, wageni walioketi, wageni waliosimama, na ukuta kidogo nyuma ya vichwa vyao. Kisha alitutumia picha 40 kwa WhatsApp, ambazo ukizikuza zinageuka vidoa. Masika ya mwaka uliofuata maji yaliingia nyuma ya ukuta, sehemu yake ikaanguka, na sehemu iliyosalia ikapakwa tangazo la biashara. Katika picha moja, kati ya makoti ya wageni wawili, unaonekana mkono wa mtoto uliojaa kijani hadi kiwikoni. Huo mkono ndio ushahidi pekee wa kile kijani cha mama.

Simlaumu mpiga picha, kwa sababu alifanya alichoagizwa. Kosa lilikuwa katika agizo lenyewe, na sisi wakazi tulilinyamazia. Tulidhani kwamba picha ni mapambo ya ripoti, kumbe katika mji wetu, ambako mvua hunyesha takribani tangu Oktoba hadi Aprili, picha mara nyingi ndiyo inayobaki baada ya ukuta kwenda. Tena sanaa inayofanywa na mtaa mzima si ule mchoro uliokamilika peke yake. Mabishano ya chini ya mwembe, makaa ya mzee, jiwe juu ya ndoo, hayo yote ni kazi hiyo hiyo, na hayarudiwi kwa ajili ya mtu aliyechelewa.

Kwa hiyo naomba kila bajeti ya mradi wa namna hii iwe na fungu la mpiga picha tangu siku inapoandikwa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba fedha hazitoshi. Lakini siku nzima moja ya uzinduzi inaweza kugawanywa kuwa saa chache mara nne au tano: ukuta ukiwa mtupu, siku ya mashauriano, katikati ya kazi, mwisho wa kazi, na mara moja tena baada ya mvua. Ukuta uliokamilika upigwe asubuhi mapema au siku ya mawingu, wakati ambapo hakuna kivuli cha mti juu yake, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu na ikiutazama ukuta moja kwa moja, si kwa upande. Ipigwe picha ya ukuta wote, kisha vipande vyake, kisha barabara nzima pamoja na watu wapitao, maana mchoro ukikatwa kutoka katika mtaa wake hauelezi tena ulikuwa wa nani.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni nani anayemwagiza mpiga picha. Mji huu umepigwa picha tangu ulipoanzishwa mwaka 1910. Nyaraka za Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, zina picha nyingi za wafanyakazi, lakini zilipigwa kwa jicho la kampuni na kwa haja ya kampuni. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, alipozichukua picha za zamani za namna hiyo na kuziweka juu ya picha za viwanda vyetu vilivyochakaa, ulimwengu mzima ulisimama kuzitazama. Nami nilipoziona niliwaza juu ya wale wanaume waliosimama mbele ya kamera bila jina, ambao wajukuu wao huenda wanaishi hapa hapa mjini, katika komini ya Kenya au ya Kamalondo, na hawajui kwamba babu yao ndiye yule. Tusiwafanyie watoto wetu hivyo. Mpiga picha achaguliwe pamoja na wakazi, na kila picha iandikwe nani yumo, mahali gani, tarehe gani, wakati wenye majina wangali wapo wa kuulizwa.

Makubaliano nayo yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Sheria yetu ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mpiga picha, na ni haki yake. Basi iandikwe wazi kwamba mtaa unaruhusiwa kuzitumia picha hizo katika maonyesho, shuleni na katika vitabu, na kwamba jina lake litatajwa kila mara. Iandikwe pia kwamba wazazi wameulizwa kabla ya watoto wao kupigwa, na kwamba asiyetaka sura yake itokee ataheshimiwa. Mafaili yakabidhiwe yakiwa kamili, kwenye diski, si kwa simu. Nakala moja ikae shuleni, ya pili kwa chama, ya tatu mahali pengine kabisa. Tunajua yaliyotokea kwa kazi za Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Kongo katika mji huu miaka ya 1970: nyingi zimehifadhiwa vizuri, lakini ziko Amsterdam, Uholanzi, na mwanafunzi wa Katuba hana nauli ya kwenda huko.

Wapiga picha tunao. Mwaka 2008 wasanii wa Lubumbashi walipoanzisha jumuiya yao walichagua neno letu wenyewe, Picha, kuwa jina lake, na tangu wakati huo vijana wengi wamejifunza kazi hiyo hapa hapa. Wengi wao wanaishi kwa picha za harusi na za sherehe za wanafunzi waliohitimu, na wangefurahi kupewa kazi ya wiki tano inayowaheshimu.

Mwezi wa Mei, mvua zikishakatika, tutaanza ukuta mwingine, ng'ambo ya barabara ya ule ulioanguka. Mzee wa Gécamines bado yupo, ingawa macho yake yamefifia. Mama wa vitumbua amesema atalileta tena lile jiwe. Safari hii tumekwisha kupatana na binti mmoja mpiga picha wa komini yetu, naye atakuja siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, kuupiga ukuta ukiwa bado mtupu.

Wako,
Mwalimu na mkazi wa komini ya Katuba,
Lubumbashi