Njia za kupanda Uluguru ziwekewe vibao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye asili ya Morogoro tunaoishi Dar es Salaam, pamoja na wote wenye dhamana ya misitu na utalii, kuhusu njia za miguu za Milima ya Uluguru.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, safari ya nyumbani imekuwa ya saa mbili hivi, na wengi wetu sasa tunakwenda likizo na watoto bila kusubiri msiba au harusi. Hata hivyo, tukishafika, likizo yenyewe huishia sebuleni kwa shangazi, ilhali mlima umesimama nyuma ya nyumba. Mtoto anayevitaja kwa majina vituo vyote vya mwendokasi kuanzia Kimara hadi Kivukoni hajui kwamba vijito vya Uluguru ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, ambao mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huteka humo sehemu kubwa ya maji ya jiji letu. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kumpandisha mtoto mlimani.

Likizo ya mwezi wa sita nilipanda na wanangu kuelekea Morningside, lile jengo la zamani la enzi za Wajerumani lililo juu ya mji. Njia inapita katikati ya migomba na bustani za mboga zilizolimwa kwenye miteremko mikali, inavuka vijito vyenye maji baridi, na kadiri unavyopanda ndivyo mji unavyojitandaza chini yako. Mahali fulani njia iligawanyika mara mbili, zote zikiwa zimekanyagwa sawasawa, na hapakuwa na kibao chochote. Tulisimama pale mpaka alipotokea mama mmoja akiteremka kwenda sokoni na tenga la ndizi kichwani. Watoto walimwamkia, naye akaitikia, akatuambia bila kulitua tenga lake: “Hiyo ya kulia ni ya mashambani, wanangu. Ninyi shikeni ya kushoto, na mkisikia maji mjue hamjapotea.”

Nilimshukuru sana, lakini je, asingepita? Wageni kutoka nje kwa kawaida hupanda na mwongozaji aliyepangwa mapema. Sisi wenyeji hujipandia tu kwa kuwa tumezaliwa hapo, ingawa wengi tuliondoka tukiwa wadogo na njia hatuzijui. Kwa Morningside hasara yake pengine ni kuchelewa kurudi. Kwa kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya meta 2,100, jambo ni zito zaidi, kwani njia ni ya kukwea, mizizi na matope vinateleza, na ukungu unaweza kushuka wakati wowote na kuficha kila kitu.

Ninachoomba si barabara ya lami wala hoteli mlimani. Naomba kila njia panda iwe na kibao cha Kiswahili kinachotaja mahali njia inakoelekea na muda wa kutembea, na vijana wa vijiji vya mlimani wafundishwe uongozaji na huduma ya kwanza, malipo yao yakibandikwa wazi kwenye ofisi ya kijiji ili pasiwe na mvutano. Njia zenye alama zitausaidia pia msitu wenyewe, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008 na wenye ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, maana mtu asiyejua njia hujikatia yake, na mvua za masika zikija huigeuza kuwa mfereji wa kubeba udongo.

Nasi wenyeji tuna wajibu wetu. Tulipe kiingilio cha hifadhi na ujira wa mwongozaji bila kujitetea kwamba sisi ni watoto wa hapa, na chupa tulizopanda nazo tushuke nazo.

Kazi hii ianzie njia ya Morningside, ambayo familia yenye watoto inaimudu, na ikiwezekana vibao viwe vimesimama kabla ya likizo ijayo ya mwezi wa sita, wakati masika yamekwisha na njia zimekauka.

Msomaji wako, mzaliwa wa Morogoro,
Kimara, Dar es Salaam